Nasaba za Wachimba Dhahabu: Kufuatilia Historia ya Familia Katika Rekodi za Nyanza

Historia ya familia nyingi za Nyanza haikamiliki bila kutaja mgodi, kwa kuwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 dhahabu iliwavuta vijana wengi kutoka kandokando ya Ziwa Viktoria kwenda Kakamega, Macalder na machimbo mengine madogo, ambako baadhi yao walibatizwa kwa majina mapya, wakaoa wake wa mbali na kuzaa watoto waliokulia kambini. Wajukuu wanaotaka kujua babu yao alitoka wapi na alikuwa nani kwa kawaida huanza kwa kuulizia rekodi za mgodi wenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama, maana kampuni za madini ziliandika mengi kuhusu mawe na machache mno kuhusu watu. Mchimbaji alipata kuandikwa na wale waliokuwa na haja naye: serikali iliyotaka kodi, mwajiri aliyetaka mkono wake, kanisa lililotaka roho yake, na mahakama iliyotaka kujua nani amrithi. Kwa sababu hiyo, anayemtafuta mchimbaji hana budi kuanzia katika lokesheni, yaani eneo la chifu, alikotoka, ambako jina lake liliandikwa mara nyingi zaidi kuliko shimoni.

Dhahabu ya Nyanza na mipaka ya utawala

Dhahabu ya Kakamega iligunduliwa mwaka 1931 na L. A. Johnson, mlowezi Mmarekani aliyekuwa akilima Turbo, wakati ambapo bei ya mahindi ilikuwa imeporomoka duniani kote na walowezi wengi walikuwa wamelemewa na madeni. Walowezi hao walimiminika Kakamega na kupigilia vigingi vya kudai viwanja vya uchimbaji katikati ya mashamba ya wenyeji, na baadaye kampuni zikachukua nafasi ya wachimbaji wadogo, ambapo mgodi wa Rosterman ndio uliovuma zaidi hadi ulipofungwa mwaka 1952. Upande wa kusini, katika eneo la Nyatike ambalo sasa limo katika Kaunti ya Migori, mgodi wa Macalder karibu na Mto Kuja ulitoa dhahabu na baadaye shaba mpaka ulipofungwa mwaka 1966, ingawa wachimbaji wadogo wa mikono hawajaliacha eneo hilo hadi leo.

Mtafiti anayeanza kazi hii anapaswa kwanza kuielewa mipaka ya utawala wa zamani, kwa kuwa majalada yalipangwa kufuata mipaka hiyo na si kufuata ramani ya kaunti za leo. Kabla ya Aprili 1902 nchi yote ya Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Himaya ya Uganda, na kwa hiyo barua za mwanzo kabisa za maofisa wa eneo hilo hutafutwa katika hifadhi ya nyaraka ya Uganda. Baada ya hapo eneo liligawanywa kuwa Kavirondo ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini, majina ambayo mwaka 1948 yalibadilishwa kuwa Nyanza. Kakamega yenyewe ilibaki katika Mkoa wa Nyanza, uliosimamiwa kutoka Kisumu, mpaka Mkoa wa Magharibi ulipoundwa wakati wa uhuru mwaka 1963, ndiyo maana habari za mchimbaji wa Kakamega wa mwaka 1935 huweza kupatikana katika majalada ya Nyanza, huku habari za mwenzake wa Macalder zikiwa chini ya Kavirondo ya Kusini, ambayo makao yake makuu yalikuwa Kisii.

Kodi na kipande

Rekodi pana kuliko zote ni za kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwanzoni mwa karne ya 20, nyakati zile zile reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu, mnamo Desemba 1901. Kodi hii ilihesabiwa kwa idadi ya nyumba zilizomo bomani, na kwa kuwa katika boma la Kijaluo kila mke huwa na nyumba yake, mtu aliyetozwa kwa nyumba tatu mara nyingi alikuwa na wake watatu, au wawili pamoja na mama mjane. Daftari la namna hiyo halimtaji mke hata mmoja kwa jina, lakini humwonyesha mtafiti kuwa kuna wake wa kutafutwa, na humpa pia jina la chifu ambaye mlipaji alikuwa chini yake, jambo linalotosha kuupata ukoo.

Rekodi ya pili ni kipande, yaani cheti cha utambulisho ambacho sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 kuwa nacho, na ambacho wengi walikibeba ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Juu yake ziliandikwa habari za mwenye kipande, zikiwemo jina lake, kabila, mahali alikotoka, jina la chifu wake na alama za vidole, na chini yake zilifuata safu za waajiri, ambamo kila mwajiri alijaza tarehe ya kuajiri, mshahara na tarehe ya kuachisha kazi. Kipande kimoja kilichohifadhiwa vizuri kwa hiyo huweza kumfuata mtu kutoka shamba la mkonge hadi mgodini, na kutoka mgodini hadi nyumbani kwa mzungu wa Kisumu, pengine bila kuacha mwaka hata mmoja katikati. Kwa kuwa aliyekitunza ni mwenyewe, hutafutwa kwanza katika masanduku ya familia kabla ya kutafutwa katika ofisi yoyote.

Mfano unaojulikana sana wa karatasi za aina hii ni wa Hussein Onyango Obama, babu wa Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani, ambaye kijitabu chake cha mtumishi wa nyumbani, kilichotolewa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1928, kilitunzwa na familia huko Kogelo na kuelezwa na mjukuu wake katika kitabu chake cha mwaka 1995. Kijitabu hicho kilikuwa na maelezo ya umbo lake, alama za vidole na maoni ya waajiri wake, baadhi wakimsifu na mmoja akimwona hafai. Mtafiti hujifunza mambo mawili hapo: kwanza, kwamba maoni hayo yanaeleza fikra za mwajiri kuliko yanavyomweleza mtumishi, na pili, kwamba familia iliyohama, kama hiyo iliyotoka upande wa Kendu Bay kwenda Kogelo ng'ambo ya Ghuba ya Winam, iliacha rekodi zake katika wilaya mbili tofauti, na anayetafuta katika wilaya moja tu atapata nusu ya habari.

Vitabu vya makanisa

Kwa majina ya wanawake na watoto, hakuna chanzo kinachoyazidi makanisa. Misheni zilitangulia dhahabu kwa takriban miaka 30: Marafiki, wanaojulikana pia kama Waquaker, walianza Kaimosi mwaka 1902, na mwaka 1906 Waanglikana walianzisha Maseno huku Waadventista wa Sabato wakianza Gendia, karibu na Kendu Bay, wakati Mapadri wa Mill Hill tayari walikuwa Kisumu. Rejista ya ubatizo ya Kikatoliki, ambayo kwa miongo mingi iliandikwa kwa Kilatini, hutaja jina la anayebatizwa, la baba, la mama, na la msimamizi wa ubatizo, ambaye mara kwa mara huwa ni ndugu au jirani wa karibu. Pembeni mwa mstari huo, kwa kufuata sheria ya Kanisa, padri huongeza habari za ndoa pindi mbatizwa anapooa au kuolewa, hata kama ndoa imefungwa katika parokia nyingine, na hivyo mstari mmoja ulioandikwa nyumbani huweza kumwambia msomaji kwamba kijana huyo alifungia ndoa yake kwenye parokia ya karibu na mgodi. Rejista za Waadventista husomwa kwa namna nyingine, kwa sababu wao hubatiza watu waliokwisha kuamua wenyewe, na tarehe ya ubatizo kwa hiyo haiko karibu na tarehe ya kuzaliwa.

Tarehe za kuzaliwa ndizo ngumu kuliko zote. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ya mwaka 1928 haikuwafikia Waafrika walio wengi kwa miaka mingi, na usajili wa lazima ulisambazwa nchini hatua kwa hatua kati ya mwaka 1963 na 1971. Mtu aliyezaliwa kabla ya hapo hupimwa umri kwa matukio, kama vile njaa ya nzige ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliyoitwa Nyangweso na Wajaluo, au mafuriko ya mwaka 1961 na 1962, ziwa lilipopanda na kumeza mashamba ya ufuoni.

Ardhi, mahakama na urithi

Dhahabu ilileta mgogoro wa ardhi, na mgogoro huzaa karatasi. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao daima na kwamba kipande chochote kitakachotwaliwa kitafidiwa kwa ardhi nyingine, lakini mnamo Desemba 1932 ilirekebishwa kwa ajili ya Kakamega ili fidia iweze kulipwa kwa fedha. Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Morris Carter, ilisikiliza malalamiko ya wenyeji, na ushahidi wake uliochapishwa mwaka 1934 unataja machifu na wazee kwa majina, pamoja na maelezo ya koo zao na jinsi zilivyofika mahali hapo. Daftari za upimaji wa mashamba za baada ya uhuru, zilizofuata sheria ya mwaka 1968 ya kuamua nani mwenye ardhi, huonyesha ndugu waliogawana shamba la baba mmoja kwa nambari zinazofuatana.

Majalada ya kesi za mahari katika mahakama za Waafrika husaidia vilevile, kwa kuwa yanamtaja baba wa binti, ukoo wake na ng'ombe waliotolewa. Kesi za mirathi hutangazwa hadi leo katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo limechapishwa tangu mwaka 1899 na ambalo matoleo yake mengi husomeka bure kwenye intaneti. Tangazo la mirathi hutaja jina la marehemu, mahali alikoishi, tarehe ya kifo na jina la mwombaji, na jalada lenyewe mahakamani huwa na barua ya chifu inayoorodhesha warithi.

Karatasi na kauli za wazee

Majalada mengi ya wilaya yako katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965 na yenye matawi ya kumbukumbu Kisumu na Kakamega. Kwa kawaida majalada huwa wazi yakishatimiza miaka 30. Nakala za filamu za ripoti nyingi za wilaya ziko katika Chuo Kikuu cha Syracuse nchini Marekani, na barua za serikali ya kikoloni kwenda London zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya Uingereza huko Kew.

Hata hivyo karatasi peke yake haitoshi, kwa sababu Wajaluo wengi hupewa majina ya wakati au hali ya kuzaliwa, na katika lokesheni moja akina Otieno na Odhiambo huwa wengi mno. Anayewatenganisha ni mzee anayejua jokakwaro, yaani watu wa babu mmoja. Profesa Bethwell Ogot alithibitisha thamani ya kauli hizo katika historia yake ya Wajaluo wa Kusini ya mwaka 1967, alipozilinganisha nasaba za koo mbalimbali na kuvitumia vizazi kukadiria nyakati. Kanuni ya mtafiti wa familia ni hiyo hiyo: kauli ya mzee huungwa mkono na rejista, na rejista husahihishwa na mzee, ilimradi vyanzo hivyo viwili havikunakiliana.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 sasa inampa mchimbaji mdogo kibali chenye jina lake, jambo linalomwingiza kwenye rejista ya madini moja kwa moja. Wachimbaji na wasaga mawe wasio na kibali bado wako nje ya rejista hiyo, na wajukuu wao watalazimika kuwatafuta pale pale walipotafutwa waliowatangulia: parokiani, kwa chifu, mahakamani na kwa wazee wa ukoo.