Maji ya Kahe na Watu Wayalindao

Leo twataka kuwaeleza habari za maji ya Kahe: yatoka wapi, ni nani wayalindao, na kwa nini walinzi hao hawawezi kuachwa peke yao.

Mtu akishuka kutoka mji wa Moshi kuelekea kusini mashariki, huiacha nyuma migomba na mikahawa ya mlimani, hata afike katika nchi tambarare yenye joto. Nchi hiyo ndiyo Kahe. Wasafiri wengi waliijua kwa sababu ya stesheni yake, maana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza reli iliyotoka Voi iliungwa hapo na reli ya Tanga na Moshi. Lakini wenyeji huijua kwa mpunga, mahindi na ndizi, na kwa mifereji inayoyanywesha mashamba hayo. Mvua ya Kahe ni haba. Masika yakikawia, mkulima wa huko huelekeza macho mlimani, kwa kuwa ndiko yatokako maji yake.

Ukiwauliza watoto shuleni, "Mito ya Kilimanjaro hupata wapi maji?" wengi hujibu upesi, "Katika theluji." Si ajabu kujibu hivyo, maana theluji twaiona kwa macho yetu kila kunapokucha kweupe. Walakini wataalamu waliopima wameona ya kuwa theluji huipa mito sehemu ndogo sana ya maji yake. Barafu ya mlima ilipungua kwa asilimia 85 tangu mwaka 1912 hata mwaka 2011, na nyingi katika hiyo haikushuka mitoni, bali iligeuka mvuke ikapotea hewani.

Ghala halisi la maji ni msitu. Upande wa kusini wa mlima mvua nyingi kuliko zote hunyesha ndani ya msitu, yapata meta 2,000 na zaidi juu ya bahari. Tena msitu hauipokei mvua tu. Ukungu unapopita kati ya miti, vitone hunasa katika majani, na katika ndevu za mimea midogo iliyofunika magome, vikadondoka chini kimoja kimoja. Ardhi iliyofunikwa na majani makavu huyanywa maji hayo kama sifongo, kisha huyaachilia polepole. Mengine hutokea karibu, yakawa vijito. Mengine huzama ndani sana katika miamba iliyomwagwa na moto wa zamani wa mlima, yakasafiri gizani, hata yakabubujika mbali chini. Chemchemi ya Miwaleni, upande wa Kahe, ni mfano mzuri: maji maangavu na mengi yatoka katikati ya nchi iliyo kavu.

Basi na ieleweke hivi: mtu akikata mti kule juu, humgusa mtu wa Kahe ambaye hakuuona mti huo kamwe. Wala habari haiishii Kahe. Maji yakipita hapo huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, na kutoka hapo hufuata mto Pangani, yakizungusha mitambo ya umeme njiani, mpaka Bahari ya Hindi.

Sasa tuseme habari za walinzi. Kazi ya kulinda maji bila ujira si jambo geni katika nchi hii. Wageni kutoka Ulaya waliofika mlimani katika karne ya 19, kama Harry Johnston aliyekuja mwaka 1884, waliikuta mifereji ya Wachagga, yaani mifongo, imekwisha chimbwa, nao wakastaajabu jinsi ilivyozunguka vilima na kuvuka mabonde. Kila mfongo ulikuwa na ukoo ulioanzisha, na mzee wa kuusimamia. Kabla ya kiangazi alitangaza siku ya kazi, na kila nyumba ikatoa mtu wa kuzibua. Asiyefika bila sababu alitozwa faini, na aliyeiba zamu ya mwenziwe aliitwa mbele ya wazee. Ndugu zetu wa Upare nao wana desturi ya kazi ya namna hiyo, ambayo huiita msaragambo. Malipo ya kazi hiyo yalikuwa maji yenyewe, pamoja na heshima.

Msitu nao ulipata walinzi wa karibu. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wenye upana wa nusu maili katika ukingo wa chini wa msitu, ili wananchi wapate kuni, mbao na majani ya ng'ombe bila kuingia ndani zaidi. Na ukanda huo ulisimamiwa na baraza la Wachagga wenyewe. Baada ya uhuru usimamizi wake ulipita mikono mbalimbali, na mahali pengi miti ikapungua, maana jambo la watu wote likikosa mwenyewe wa kuliangalia, huharibika upesi. Katika mwaka 2001 wataalamu walirukia mlima kwa ndege, wakaona maelfu ya miti ya mkulo iliyokatwa katika msitu mkubwa. Mwaka 2005 msitu ukatiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ukapata askari. Lakini askari hulinda msitu. Kingo za mito na chemchemi zilizomo kati ya mashamba ya watu zahitaji walinzi wengine.

Tena sheria ya mfongo ilikuwa na mpaka wake. Mzee wa mfongo aliweza kuwapatanisha watu wa mfereji mmoja, asiweze kusema na watu wa mto mzima. Jambo hili lilionekana wazi baada ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi kujengwa kwa msaada wa Japani, kati ya mwaka 1984 na 1987. Mpunga ulistawi sana, na habari zikaenea. Wakulima waliokuwa juu ya mabanio wakaona faida, nao wakaanza kulima mpunga kwa maji yale yale ya mito ya Rau na Njoro. Hawakuwa wezi, walikuwa wakulima kama wenzao, na mto ulipita kwao kwanza. Lakini mashamba ya chini yaliyotengenezwa kwa gharama kubwa yakakosa maji, na ugomvi ukaingia kati ya watu wanaouziana vyakula soko moja.

Ndiyo sababu palihitajiwa chama kikubwa kuliko mfongo. Mwaka 1991 ilifunguliwa ofisi ya maji ya Bonde la Pangani, iliyokuwa ya kwanza ya namna hiyo Tanzania, na sheria ya mwaka 2009 ikaweka Jumuiya za Watumia Maji. Jumuiya ya namna hiyo huwakusanya watumiaji wa mto mmoja au chemchemi moja, walio juu na walio chini, wakachagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kamati. Zamani mambo ya mfongo yalikuwa ya wanaume. Siku hizi wanawake nao hukaa katika kamati, na ni haki, kwa kuwa ndio wachotao maji. Wote hao hujitolea.

Kazi yao ya mwaka ni hii. Wakati wa kiangazi hupanga zamu za maji na kuamua magomvi. Kabla ya masika hutunza vitalu vya miche, na mvua zikianza huipanda penye kingo. Huchagua miti ya kienyeji, kama mkuyu na mringaringa, wakaepuka mkaratusi karibu na chemchemi, maana huo hunywa maji mengi. Huweka alama za mipaka, kwa kuwa sheria hukataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 za chanzo cha maji. Wengine hupanda sale kuzunguka chemchemi, na kila Mchagga huelewa maana yake: sale ni mpaka, tena ni jani la kuombea msamaha. Mweka hazina huandika kila senti ya ada, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Kazi hizi ni rahisi kuzisoma, lakini ni ngumu kuzitenda. Hebu fikirini mjumbe wa kamati ambaye shamba lililolimwa mpaka ukingoni ni la shemeji yake. Akinyamaza, chemchemi itajaa udongo. Akisema, hatakaribishwa tena katika nyumba ile. Au fikirini mwenye zamu ya kukagua banio usiku, ambaye hana kitu ila jembe na taa, naye akakuta mtu amekwisha fungua maji. Watu wa namna hii hawana mshahara wala sare. Nguvu yao ni kwamba majirani wamekubali kuwatii.

Sisi tuliwahi kupanda pamoja na wanafunzi wetu, tukiufuata mfereji mmoja kutoka mashambani mpaka banio lake. Tulipofika tulimkuta mzee ameinama ndani ya maji, akiondoa mawe na matawi kwa mikono yake. Wanafunzi wakamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu." Mmoja wao akamwuliza alikuwa akilipwa kiasi gani. Mzee akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, kama ningelipwa, siku fedha zitakapokwisha nani atayatoa mawe haya?" Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, "Lakini neno moja hunisikitisha. Wanywao maji haya kule chini siwajui, wala wao hawanijui. Huja tu siku yanapokatika, nao huja na hasira."

Wanafunzi hawakucheka tena. Walivua viatu, wakaingia majini kumsaidia mpaka jua lilipogeuka. Tulipokuwa tukishuka, mmoja aliyezaliwa Kahe alisema ya kuwa ameyanywa maji yale miaka yote, asijue kama kuna mtu.

Neno la mzee ndilo tulilotaka mlisikie. Mlinzi wa kujitolea hachoshwi sana na kazi. Huchoshwa na kusahauliwa. Na chama cha maji hakifi siku moja. Kwanza mikutano huhudhuriwa na watu wa juu tu, au wa chini tu. Kisha ada haitolewi. Kisha mzee hufa, na hakuna kijana anayelijua banio. Siku mto unapokauka, watu husema ni mapenzi ya Mungu, kumbe kamati ilikuwa imekauka kabla ya mto.

Walakini tusikate tamaa, maana tumeona watu wa nchi hii waliitikapo mwito. Mwezi wa Oktoba mwaka 2020 moto uliwaka juu mlimani, na mamia ya watu walipanda kuupiga, wakiwamo askari wa hifadhi, wanavijiji, na wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Yawezekana basi kwenda kwa miguu siku moja kwa mwaka kupanda miche.

Wasomaji wetu mlio chini, kama mu wa Kahe au wa bonde lingine lo lote, twawaomba mambo matatu. La kwanza, ijueni njia ya maji yenu mpaka mwanzo wake, na wapelekeni watoto wakaione. La pili, siku ya kazi ya juu ikitangazwa, nanyi pandeni mkiwa na majembe yenu, msingoje kualikwa mara mbili. La tatu, toeni ada kwa wakati, mkaulize daftari bila haya. Nanyi mlio juu, kumbukeni ya kuwa maji yapitayo mlangoni kwenu yana safari ndefu, na kuna mtu mwenye mpunga unaochanua anayeyangoja.

Walio juu na walio chini wakijuana kwa majina, zamu hupangwa bila rungu. Wasipojuana, hata sheria iliyo njema hubaki karatasi.