Beni: Ngoma ya Vijana Waliokulia Vitani

Ni mama gani asiyewahi kuguna akiyatazama mavazi ya vijana wake? Suruali hizo, nywele hizo, na muziki wa kelele usiku kucha! Huwa tunasema kwamba zamani mambo hayakuwa hivi. Lakini miaka ya 1920, katika miji ya pwani tangu Tanga hadi Kilwa na Lindi, wazee waliguna vilevile. Vijana wao walikuwa wakipita barabarani kwa mistari, wamevaa kama maofisa wa jeshi, wakiitana Jenerali na Kingi, ngoma na tarumbeta zikilia mbele yao. Ngoma hiyo iliitwa beni. Ili tuwaelewe vijana hao, yafaa kwanza tujue walivyolelewa.

Watoto wa kusini walikutana na vita viwili katika muda wa miaka kumi na mitatu tu. Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, na ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza. Moto ulienea upesi kusini kote. Misheni za Nyangao na Masasi nazo hazikusalimika. Majeshi ya Kijerumani yalijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Njaa ikawa silaha. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba watu 250,000 hadi 300,000 walikufa, na walio wengi waliuawa na njaa na magonjwa kuliko risasi.

Sisi tunaopika twajua maana yake. Ghala likichomwa, wa kwanza kuulizwa chakula ni mama. Watu wa kusini waliingia porini kuchimba mizizi kama ming'oko, ambayo hata leo huliwa Lindi na Mtwara. Tena kuna jambo ambalo vitabu vya vita hulipita haraka: jando na unyago hufanywa baada ya mavuno, kwa kuwa wali huhitaji chakula na wageni huhitaji pombe au uji. Mahali pasipo na mavuno, mtoto hukaa mtoto. Na kungwi au ngariba akifa njaani, hufa na mafundisho aliyokuwa akiyatunza.

Waliozaliwa katika njaa hiyo walikuwa hawajabalehe vizuri vita vya pili vilipofika. Septemba 1916 Waingereza waliingia Kilwa na Lindi. Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Nyangao, palipiganwa siku nne mfululizo, na upande wa Waingereza peke yake walioumia na kufa walipita 2,000. Wanaume wa vijijini walichukuliwa kubeba mizigo, na makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Pande zote mbili zilihitaji chakula, na wote walikitafuta katika mashamba yaleyale.

Si wanaume peke yao waliotembea na vita. Askari wa Kijerumani walifuatana na wake zao na watoto wao. Wako watoto waliozaliwa safarini. Kila askari alipenda kuwa na boi wa kumbebea vitu, na wavulana wengine walifundishwa kupeleka ishara za jeshini. Mtoto wa namna hiyo hakumwona baba akilima. Alimwona mwenye amri, mwenye viatu, mwenye kula kwanza. Basi alipofikia ujana, angetamani kufanana na nani?

Beni yenyewe ilianza kabla ya vita, katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, na jina lake latokana na bendi za wanajeshi. Lakini ni vita vilivyoisambaza, kwa kuwa askari na wapagazi waliibeba kila walikokwenda. Vyama vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Mara nyingi Marini walijiona watu wa mji na waungwana, na Arinoti walipokea zaidi watu wa bara. Walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu, hata wengine wakaingia madeni. Wanawake nao walijiunga na kupewa vyeo vyao. Serikali ya Kiingereza iliitilia shaka, ikidhani nyuma ya vyeo vile kuna siasa, na wamisionari wengi hawakuipenda hata kidogo.

Kwangu mimi lililo kubwa si zile kofia. Vyama hivi vilimpokea mgeni asiye na ndugu mjini, vilichangia mgonjwa, na vilizika. Kijana aliyepotewa na ukoo wake vitani alipata watu wa kumlilia. Kama wazazi waliona upuuzi tu, basi hawakutazama mpaka mwisho.

Huko Masasi, Kanisa la Anglikana lilijaribu njia nyingine. Padre Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, hakulifuta jando. Alilikubali pamoja na kambi zake na wazee wake, akaweka sala mahali pa matambiko. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa unyago ulikuwa mikononi mwa akina mama wenyewe. Hilo halinishangazi!

Na tusidhani mambo haya ni ya Waafrika tu. Septemba 1939 watoto wa miji ya Uingereza waliondolewa makwao kwa malaki, wakapelekwa mashambani kulelewa na watu wasiowajua. Peremende zilitolewa kwa kipimo mpaka 1953. Watoto hao walipofikia ujana, wengine walivaa makoti marefu ya mtindo wa babu zao, wakapaka nywele mafuta, na magazeti ya London yakapiga kelele kwamba vijana wameharibika.

Kwetu, beni ilififia polepole. Vijana wa mjini walihamia dansi, na kuanzia 1947 mashamba ya karanga ya Waingereza huko Nachingwea yaliwavuta wengi kwenda kutafuta mshahara. Lakini ngoma haikufa yote. Upande wa magharibi, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ilizaa mganda. Huko tarumbeta za shaba ziligeuzwa kuwa za vibuyu. Wachezaji hujipanga mistari katika nguo nyeupe zilizopigwa pasi, na mmoja wao, mwenye filimbi mdomoni, hutoa amri.