Ngitili za Shinyanga: Kijiji Kiliposhika Hatamu ya Mazingira
Serikali za mitaa na mazingira: Sehemu ya pili

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyogawa majukumu kutoka wizarani hadi kwenye kamati ya mazingira ya kijiji. Wasomaji waliuliza swali la haki: je, kuna mahali ambapo ngazi hiyo ya chini kabisa imewahi kufanya kazi kweli? Papo. Ni Usukumani, na kazi yenyewe ilianza miaka 18 kabla ya sheria hiyo kutungwa.

Anayeikumbuka Shinyanga ya miaka ya themanini anakumbuka vumbi, makundi ya ng'ombe na uwanda ambao jicho lingeweza kutembea mwendo mrefu bila kukutana na mti. Watu walifikia kuuita mkoa huo jangwa la Tanzania. Lakini Shinyanga hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 hivi kwa mwaka, inayotosha kabisa kulea pori la migunga na nyasi za malisho. Jangwa hilo lilitengenezwa na watu, tena kwa awamu.

Awamu ya kwanza ilikuwa vita dhidi ya mbung'o. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliifanya Shinyanga kituo kikuu cha utafiti wa mdudu huyo, chini ya Charles Swynnerton, na dawa iliyopendwa ilikuwa kumnyang'anya kivuli: wanavijiji walitolewa kwa wingi na mashoka kufyeka mapori. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka. Pamba ikaja ikataka ardhi zaidi. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ikahamisha familia na kuzikusanya pamoja, nazo zikaacha nyuma mashamba, miti iliyotunzwa na ngitili zao. Kilichokuwa na mwenyewe kikawa cha wote, na cha wote hakikuwa na mlinzi.

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga. Mvua zikianza, mifugo haiingii humo. Nyasi huachwa zikue, zikauke zikiwa zimesimama, kama ghala la nje. Kiangazi kinapokaza, mabaki ya mazao mashambani yakiisha, ngitili hufunguliwa. Haifunguliwi yote kwa mkupuo: sehemu moja huliwa ikaisha ndipo inayofuata ifunguliwe. Wanaotangulia ni ndama, wanyama wagonjwa na wazee, pamoja na maksai watakaovuta plau mvua za kwanza zikinyesha. Kuna ngitili za familia, nyingi za hekta chache tu, na kuna za kijiji au kitongoji ambazo hufikia makumi au mamia ya hekta.

Mwaka 1986 ulizinduliwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norwe. Ulianza kama miradi mingi inavyoanza: vitalu, miche, kampeni. Sisi Watanzania tunaijua vizuri shughuli hiyo. Mgeni rasmi anapanda mche, anapigwa picha, anaondoka na msafara wake, na jioni mbuzi anafunga sherehe. Wananchi waliipokea miche kwa heshima na bila shauku. Sifa ya HASHI, kwa maoni yangu, ni kwamba haikuwalaumu. Iliwauliza wazee wao walikuwa wakihifadhije, na jibu likawa ngitili.

Kitaalamu jibu hilo lilikuwa na mashiko. Mti wa pori uliokatwa mara nyingi haujafa. Mizizi yake iko hai ardhini, na kila mwaka kisiki huchipua, chipukizi likaliwa na mbuzi au likaungua kwa moto wa kiangazi. Eneo likifungwa misimu michache, machipukizi hayo yanapanda juu haraka kuliko mche wowote wa kitaluni, kwa sababu mizizi yake tayari inafika kwenye maji. Kampeni ya Kisiki Hai inayoendeshwa Dodoma siku hizi imesimama juu ya ukweli huohuo. Gharama kubwa ni kuzuia mifugo na moto, na hiyo ni kazi ya utawala kuliko ya ufundi.

Hapo ndipo serikali ya kijiji inapoingia. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa mwaka 1972, na sheria za mwaka 1982 ndizo zilizorudisha serikali za mitaa na kukipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Utaratibu wake ni huu: halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huandaa pendekezo, mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, hulijadili na kulipitisha, kisha waraka hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Usukumani palikuwepo pia chombo cha jadi, dagashida, baraza la kutunga kanuni za jamii, na sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya themanini kukabili wezi wa ng'ombe. Kanuni ya ngitili ilizungumzwa dagashida kwa Kisukuma, ikaandikwa na kijiji kwa Kiswahili cha sheria, ikalindwa na sungusungu.

Tuone inavyofanya kazi. Ng'ombe wawili wameingia ngitili ya kijiji mwezi Machi, nyasi zikiwa bado changa. Walinzi wanawaswaga hadi ofisi ya kijiji. Mwenye mifugo anakuja, anajua kosa, kwa kuwa mkutano uliopitisha faini hiyo alihudhuria na huenda alinyoosha mkono. Mtendaji anafungua daftari, anataja kiwango, anaandika stakabadhi. Fedha inaingia kwenye mfuko wa kijiji na kusomwa katika taarifa ya mapato na matumizi mkutano ujao. Kesi imekwisha kabla ya saa sita mchana.

Sasa tuondoe kitu kimoja tu katika hadithi hiyo: idhini ya wilaya. Waraka uko kwenye jalada la mwanasheria wa halmashauri, unasubiri kikao cha madiwani. Mwenye ng'ombe, hasa akiwa na ng'ombe mia tatu na mtoto aliyesoma, anakataa kulipa na kusema twendeni mahakama ya mwanzo. Kijiji hakina cha kumwonesha hakimu. Tangu siku hiyo faini inabaki kwa maskini tu. Nimesoma ripoti nyingi zinazodai wananchi hawana mwamko wa mazingira. Ni chache zinazohesabu sheria ndogo zilizolala wilayani.

Na sungusungu nao hawakuwa malaika. Adhabu yao kali, kumtenga mtu asisaidiwe msibani wala kupewa moto na jirani, ilitisha kuliko jela, na haina kifungu katika sheria yoyote ya nchi. Anayesifu mila katika hifadhi asilifiche hilo.

Matokeo? Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa na hekta 600 hivi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya Equator jijini Johannesburg. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, uliotoka mwaka 2005 ulikadiria kwamba ngitili zilimpatia mtu mmoja wastani wa dola 14 za Marekani kwa mwezi: kuni, nguzo, asali, dawa, nyasi za kuezekea na malisho. Wanawake walipunguza mwendo wa kutafuta kuni. Vijiji viliuza nyasi na miti na kutia fedha hizo katika madarasa. Fisi nao walirejea, kwa hasara ya wenye mbuzi.

Wastani, hata hivyo, huficha. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa ndiye anayefunga ngitili kubwa. Asiye na mifugo hukodisha nyasi za kipande chake, na mwaka wa njaa hukiuza kabisa. Ngitili za pamoja ndizo kimbilio la maskini, na ndizo zinazomegwa kwanza kijana anapoomba shamba na mwenyekiti anapokaribia uchaguzi.

Mradi wa HASHI ulifungwa mwaka 2004. Mwaka 2012 mkoa wenyewe ukagawanywa: Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda Simiyu, Bukombe ikaenda Geita. Kinachoilinda ngitili leo si mradi tena, ni karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kutangaza hifadhi ya msitu wa kijiji, kuisimamia chenyewe na kubaki na mapato yake. Baada ya miaka mitatu ya usimamizi mzuri kinaweza kuomba hifadhi hiyo itangazwe katika Gazeti la Serikali. Ngitili ambayo haimo katika mpango wa matumizi bora ya ardhi, haina mipaka iliyopimwa na haijasajiliwa wilayani, mbele ya mwekezaji au mgogoro wa mpaka inahesabiwa kuwa pori tupu, hata kama babu wa mwenyekiti wa sasa ndiye aliyeifunga.

Upimaji una gharama, na bajeti yake iko wilayani. Wiki ijayo tutaingia kwenye mkaa: nani hutoa kibali, nani hukusanya ushuru, na kijiji ambacho hakijatangaza msitu wake hubaki na nini gunia likishapandishwa lori.