Keki ya Kupanda Basi

Uokaji wa keki za vikombe majumbani umeenea Dar es Salaam kwa kuwa hauhitaji mtaji mkubwa: oveni ya gesi, mashine ya kuchanganyia, trei mbili tatu, na simu ya kupigia picha na kupokelea malipo. Lakini wepesi huo ndio unaowabana waokaji. Jirani naye ananunua oveni, bei inashuka, na mwisho kinachobaki mkononi ni pesa ya kujaza mtungi wa gesi. Si ajabu wengi wameanza kumtazama mteja wa Dodoma, Arusha au Mwanza. Naamini mteja huyo yupo. Ila hatapatikana kwa keki ile ile inayouzwa mtaani. Atapatikana kwa keki iliyookwa kwa kufikiria barabara tangu unga unapopimwa.

Tupige hesabu. Unga wa ngano, siagi na sukari, gramu 200 kila kimoja, pamoja na mayai manne, hutoa mchanganyiko wa gramu 800 hivi, yaani keki 16 za gramu 50. Kwa kipimo hicho kilo moja ya unga huzaa keki 80, lakini humeza kilo nzima ya siagi na mayai 20, na humo ndimo fedha inamoishia. Sasa ongeza nauli ya kifurushi. Boksi la keki sita hubeba nauli yote peke yake, ilhali boksi la keki 48 huigawa hadi isionekane. Anayetuma sita sita anamfanyia kazi mwenye basi. Kwa hiyo mteja wa mbali wa kumtafuta ni mwenye mgahawa, mwenye shughuli, au ofisi inayoagiza kwa pamoja.

Kikwazo kikubwa ni joto. Siagi huanza kulegea na kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho mchana wa Januari jijini hukifikia bila taabu, na ndani ya buti la basi hali huwa mbaya zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Hakuna ua la krimu litakalofika likiwa ua. Ruhusa ya mabasi kusafiri tena usiku, iliyotolewa mwaka 2023, imesaidia sana, maana boksi linaweza kuondoka jua likiwa limezama. Hata hivyo, pwani ilikuwa na jibu kabla ya basi. Halua, kashata na visheti husafiri vizuri kwa sababu sukari yake nyingi huyashika maji, na ukungu hukosa unyevu wa kuotea. Keki nzito ya ndimu au ya matunda, iliyopakwa sukari ya unga inayokauka ikawa ngumu, inafuata njia hiyo hiyo.

Watapinga wengine kwamba mteja hununua kwa macho, na keki isiyo na krimu haipigiki picha. Ni kweli kwa anayenunua mara ya kwanza. Anayeagiza mara ya pili anakumbuka alichokikuta alipofungua boksi. Wengine wanaona nembo ya TBS, shirika lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019, ni mambo ya viwanda. Mtaani, ambako mnunuzi analijua jiko lako, hoja hiyo inaeleweka. Mnunuzi wa Mwanza hakujui. Anachokiona ni lebo, tarehe ya kuokwa na orodha ya vilivyomo, na mwenye mgahawa atakuwa wa kwanza kuviulizia.

Limebaki suala la hasara, ambalo waokaji wengi hawaliweki kwenye bei. Mteja keshalipa kwa simu. Boksi likifika limepondeka, atadai jingine, tena kwa haki. Likiharibika moja katika kila maboksi 20, mengine 19 lazima yalifidie, na hiyo ni nyongeza ya zaidi kidogo ya asilimia 5 kwa kila boksi, kabla ya faida.