Akina Light Wawili

Wapwa wangu, leo nimewaletea mgeni kutoka Uingereza. Jina lake ni Light. Hamumjui? Mnamjua sana! Yumo katika kitabu chenu cha Kiingereza. Yumo hata kwenye maboksi ya balbu dukani.

"Mjomba, mbona anaandikwa na gh katikati, lakini tunamsoma 'lait'?"

Hilo ndilo swali! Wengi hulikariri neno wakaenda zao kucheza. Wewe umeuliza. Basi tumsikie mwenyewe.

"Mimi ni mzee," anasema Light. "Zamani gh yangu ilisikika. Waingereza waliitoa ndani kinywani, karibu kama mtu wa Pwani anavyoitoa kh anaposema kheri. Polepole wakaiacha. Sauti ikaenda, herufi zikabaki. Mwaka 1476 William Caxton akaleta mtambo wa kuchapa vitabu Uingereza. Vitabu vikaenea, na tahajia ya kale ikaenea navyo. Ndiyo maana nimevaa gh hadi leo, kazi yake hakuna."

Kazi yake hakuna, lakini ukiisahau kwenye mtihani, mwalimu anakukata alama. Mimi naona huo ni uonevu kidogo, ila msimwambie.

"Mjomba, light si ni mwanga? Mbona kitabu kinasema 'My bag is light'? Begi linawaka?"

Haliwaki, mwanangu! Lakini umeuliza vizuri sana. Tuseme darasani kwenu wamo Juma wawili. Hawana mama mmoja, hawana baba mmoja. Wamegongana jina tu. Ndivyo walivyo akina Light. Mmoja ni Light wa mwanga. Mwingine ni Light wa wepesi. Wajerumani, ambao lugha yao ina udugu na Kiingereza, hawakuwachanganya hawa wawili: mwanga wanauita Licht, na kitu chepesi wanakiita leicht.

"Sasa nitamjuaje ni Juma yupi?"

Tazama amekaa na nani. Ukisikia 'Turn on the light', amekaa na swichi. Huyo ni wa mwanga, na hapo maana yake ni taa. Ukisikia 'The box is light', amekaa na mzigo. Huyo ni wa wepesi. Na 'a light meal'? Wa wepesi tena: chakula kidogo, hakikulazi usingizi mchana. 'Light blue' je? Huyo ni wa mwanga, maana ni buluu isiyokolea.

Huyu wa mwanga hufanya kazi nyingine pia. Huwasha. 'Light the stove' ni washa jiko. Ikiwa liliwashwa jana, Waingereza husema 'lit'. Na mtu mwenye sigara akiuliza 'Do you have a light?', usimkimbilie na taa ya mezani. Anaomba kibiriti.

"Na 'lighthouse', Mjomba? Ni nyumba nyepesi?"

Ingekuwa nyepesi, kaskazi ingeibeba mpaka Mombasa! Huo ni mnara wenye taa juu, unaoonyesha manahodha wapi kuna miamba na wapi ni njia ya bandari. Ni wa mwanga, wa mwanga kabisa.

Kumbe mmekuwa mabingwa. Basi nawapa mtego mmoja, ambao hata watu wazima hunaswa. Radi inayomulika angani ni 'lightning'. Ukiingiza e katikati, ikawa 'lightening', umeandika neno jingine: kupunguza uzito wa mzigo, au kuifanya rangi isikolee. Mkiandika insha ya mvua, basi, radi yenu msiitie e.