Je, Wajua? Dira Iliyopotezwa na Mawimbi

Yuko kindege wa Ulaya, mwenye kifua chekundu, ambaye husafiri usiku akiongozwa na nguvu ya sumaku ya dunia. Wataalamu wa Oldenburg, Ujerumani, waliotangaza habari zao mwaka 2014, walimweka katika vibanda vya mbao mjini, naye akababaika, asijue kaskazini wala kusini. Vibanda vilipozungushiwa mabati ya alumini yaliyounganishwa na ardhi, yakazuia mawimbi ya sumakuumeme ya mjini, dira ikamrejea. Na ajabu kubwa ni hii: mawimbi hayo yaliyompoteza yalikuwa hafifu mno, chini kabisa ya kiwango kihesabiwacho kuwa salama kwa binadamu.

Nuru nayo ina hila zake. Huko New York, miale ya ukumbusho wa Septemba 11 huvuta maelfu ya ndege, wakazunguka humo wakilia. Izimwapo, hutawanyika kwa dakika chache.

Katika fukwe za Watamu na Mafia, mtoto wa kasa aanguliwapo usiku huufuata mwanga wa upeo wa bahari. Taa za nchi kavu zikiushinda, maskini huyo huipa bahari kisogo, akaiendea mauti. Taa nyeupe ndiyo hatari zaidi. Nyekundu, iliyoinamishwa chini, humsumbua kidogo.