Kurasa 64 za Porini: Nani Analipa?

Jarida la picha za porini lenye kurasa 64 za ukubwa wa A4 lina mita mbili kamili za mraba za karatasi. Ukichapa kwenye karatasi ya gramu 115 kwa mita ya mraba, kurasa za ndani zina uzito wa gramu 230. Jalada la karatasi ya gramu 250 linaongeza gramu 31, na mkononi mwa msomaji zinafika gramu 261. Nakala 5,000 ni kilo 1,305: pikapu ya tani moja haizibebi kwa safari moja.

Gramu hizo 261 zina balaa lake. Mashirika mengi ya posta hutoza kwa madaraja: hadi gramu 100, kisha 250, kisha 500. Jarida letu la mfano limepita daraja la gramu 250 kwa gramu 11, hata kabla ya bahasha, na kila nakala italipiwa kama kifurushi cha karibu nusu kilo. Mhariri akishuka hadi karatasi ya gramu 100, uzito wote unakuwa 231 na bahasha inapata nafasi. Lakini karatasi nyepesi hupenyeza wino wa upande wa pili, na chui wa ukurasa wa 12 huanza kuota pembe za swala wa ukurasa wa 11. Katika jarida linalouza picha, hilo si jambo dogo. Ndiyo maana wenye majarida ya aina hii hubishana zaidi kuhusu karatasi kuliko wanavyobishana kuhusu siasa.

Hata hivyo, karatasi ndiyo gharama yenye adabu: ukichapa nakala chache, unanunua chache. Zipo gharama zisizojua kupungua. Mashine kubwa ya ofseti huchapa kurasa 16 kwenye karatasi moja, nane kila upande, na kila upande unahitaji pleti nne za kuchapia, moja kwa kila rangi. Kurasa 64 ni pleti 32. Ziwe nakala 500 au 50,000, pleti ni zile zile.

Na nyuma ya pleti kuna watu. Tuseme kila ukurasa unadai saa tano za jumla: kuhariri, kuhakiki jina la kisayansi la ndege, kuchagua picha, kupanga, kusoma prufu. Hizo ni saa 320, sawa na watu wawili wanaofanya kazi saa 40 kwa wiki, kwa wiki nne. Jarida likitoka kila baada ya miezi miwili, nusu ya muda wao imekwisha kabla hawajamtafuta mtangazaji hata mmoja, kudai deni au kujibu barua ya msomaji ambaye nakala yake haijafika.

Sasa tuweke shilingi. Tarakimu hizi ni za mfano, si hesabu za jarida lolote, lakini umbo lake ni la kweli. Tuseme mishahara, malipo ya waandishi na wapiga picha, pango na pleti vinafika shilingi 1,200,000 za Kenya kwa toleo, kisha kila nakala inagharimu shilingi 150 kuchapwa. Ukichapa 1,000, kila nakala inabeba shilingi 1,200 za mzigo wa kwanza. Ukichapa 5,000, inabeba 240. National Geographic, lililokuwa na wateja wa kudumu takriban milioni 12 nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, lingeugawa mzigo huo kwa senti 10 kila nakala. (Hata jarida hilo liliwaachisha kazi waandishi wake wa mwisho wa kuajiriwa mwaka 2023, kwa hiyo ukubwa nao si hirizi.)

Bei ikiwa shilingi 500, kila nakala inabakiza 350, na gharama zinarudi ukiuza 3,429. Inaonekana si mbaya. Lakini nani anauza? Muuzaji wa barabarani na msambazaji wakichukua asilimia 40, unabaki na 300 mkononi. Toa 150 za uchapaji, na sasa unahitaji kuuza 8,000. Kisha nakala moja kati ya tatu inarudi haijauzwa. Kila mbili zilizouzwa zinalipia uchapaji wa tatu, faida inashuka hadi shilingi 75, na lengo linapanda hadi nakala 16,000 zilizouzwa. Ili uziuze hizo, umechapa 24,000, zaidi ya tani sita za karatasi.

Msomaji anayelipa mapema hugeuza hesabu yote. Toa shilingi 100 za posta na 150 za uchapaji, inabaki 250. Wasomaji 4,800 wanatosha, wala hakuna nakala inayorudi. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya 16,000 na 4,800 inaeleza uhai wa majarida haya zaidi kuliko ubora wa picha zake. Jarida la Swara la Nairobi limekuwa likitoka tangu 1978, mwaka mmoja baada ya Kenya kupiga marufuku uwindaji, na halikuachwa lijitegemee kwenye vibanda vya magazeti. Linatolewa na East African Wild Life Society, chama kilichoundwa 1961, na mwanachama hulipata kwa ada yake. Kule California, jarida la Bay Nature, lililoanzishwa 2001 na David Loeb na Malcolm Margolin, lilifuata njia ya taasisi isiyo ya faida na kuongeza michango juu ya ada.

Wengine wamelitupa kabisa suala la karatasi. On Landscape la Uingereza, jarida la picha za mandhari lililoanzishwa 2010 na Tim Parkin pamoja na mpiga picha Joe Cornish, hutolewa kwa intaneti na kutegemea zaidi ada za wasomaji. Kwa mfano wetu, bila uchapaji wala posta, hata tukiziacha pleti ndani ya hesabu, wasomaji 2,400 wanatosha. Ila jarida hilo hutoka kila wiki mbili. Pleti zimeondoka, saa za kazi zimebaki, na mzunguko umekuwa mkali zaidi.

Upo pia mfuko wa mpiga picha, ambao hauonekani kwenye hesabu za ofisi yoyote. Tangu 2024, mgeni asiye mkazi hulipa dola 200 kwa siku kuingia Maasai Mara kuanzia Julai hadi Desemba, kipindi kinachojumuisha msimu wa nyumbu. Siku nne ni dola 800, na kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni shilingi 104,000. Jarida letu la mfano likimlipa mpiga picha mgeni shilingi 5,000 kwa kila picha, anahitaji kuchapishiwa picha 21 ili arudishe kiingilio peke yake, bila gari, dereva, mafuta wala lenzi. Hakuna toleo litakalompa mtu mmoja nafasi hiyo. Mhariri mwenye akili humtafuta mpiga picha anayeishi Narok.